Shamba darasa la mahindi masika hii, Tanga: naomba namba za kufundishia vijana na walaji

Mwl_Pongwe

Wakuu salaam. Nahitaji wenye kuujua muhindi kwa vitendo.

Kuna eneo la mita 10 kwa 13 nje kidogo ya Tanga mjini, udongo kichanga chenye wekundu. Maji ya bomba yapo ila si ya kumwagilia kila siku. Masika hii litakuwa shamba darasa la makundi mawili: vijana wa miaka 13 hadi 18, wengi wao wanaujua unga wa mfuko tu, na walaji, yaani kina mama na kina baba wanaonunua unga dukani, mahindi ya kuchoma barabarani na gunia moja au mawili kila msimu.

Eneo hilo nilikate vipi ili mtu aone tofauti kwa macho, nisilazimike kuhutubia? Mbegu na mbolea kiasi gani, maana kila kipimo ninachopewa ni cha ekari? Kitu gani kitawashika vijana zaidi ya kushika jembe? Na walaji niwafundishe nini kitakachobadilisha namna wanavyonunua? Nipeni namba, wagosi, hamasa ninayo.

Jembe_Muheza

Mwalimu, hapo vinaingia vishamba vinne, kila kimoja mita 4.5 kwa mita 6, na njia ya mita 1 katikati kwa urefu na kwa upana. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, mmea mmoja kwa shimo. Unapata mistari 6 ya mashimo 20, mimea 120 kwa kishamba, msongamano uleule wa mimea 18,000 hivi kwa ekari. Kwa kupimia tumia kamba ya katani, Tanga haiwezi kuikosa. Funga fundo kila sentimita 30. Mmoja ashike ncha hii, mwingine ile, wa tatu achimbe penye fundo. Mstari wa kwanza uanze sentimita 37 ndani ya ukingo, na shimo la kwanza sentimita 15, la sivyo hesabu haitakaa.

Kishamba A fanya kila kitu sawasawa. B ni kama A, ila bila mbolea. C ni kama A, ila usipalilie mpaka wiki ya sita. D panda kwa desturi yetu ile ya punje nne kwenye shimo moja, na usipunguze. Inatosha. Kosa la mashamba darasa mengi ni kubadilisha mambo matatu kwa mpigo, kisha mahindi yakinyong'onyea kila mtu anaondoka na sababu yake.

Mbegu: joto la pwani halitaki mbegu za nyanda za juu. Staha na TMV-1 zinafaa ukanda wa chini, hukomaa kwa siku 110 hadi 120 na huvumilia ugonjwa wa milia. Situka M1 huwahi zaidi. Zote tatu si chotara, kwa hiyo unaweza pia kuwafundisha vijana kuchagua mbegu ya msimu ujao katikati ya shamba. Chotara ukiirudia, msimu wa pili inakuja na mimea mirefu na mifupi, mavuno yameshuka. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, isiwe mbegu ya kupimiwa kwa kikombe. Kwa A, B na C weka punje mbili kila shimo, kisha utapunguza. D punje nne. Jumla ni punje 1,200, kama gramu 400. Pakiti ya kilo 2 itabaki.

Mbolea ya kupandia: mfuko wa DAP wa kilo 50 kwa ekari ukiuleta kwenye kishamba chako unakuwa gramu 334. Waache vijana wakokotoe wenyewe: gramu 50,000 gawa kwa mita za mraba 4,047, zidisha kwa 27. Gawa tena kwa mashimo 120, inakuja chini kidogo ya gramu 3, kama nusu ya kizibo cha soda. Kwa A, C na D unahitaji kilo 1 tu. Shimo liwe na kina cha sentimita 10: mbolea chini, udongo wa vidole viwili juu yake, ndipo mbegu, kisha fukia. Ule udongo wa katikati usirukwe hata kidogo. DAP ikigusana na mbegu huunguza kizizi cha kwanza, shimo linabaki tupu, na lawama anapewa panya.

Mvua ya kwanza ya Machi isikudanganye. Chimba uone, unyevu ukishafika sentimita 20 chini, panda. Ukipanda katikati ya Machi, miche inachomoza baada ya siku 5 hadi 7. Wiki ya pili punguza ibaki mmoja mmoja: ng'oa ulio dhaifu udongo ukiwa na maji, na kidole kimoja kikandamize udongo penye shina la mwenzake ili usitikisike. Vijana hapa huwa wanaona uchungu, kishamba D kitawajibu baadaye. Palizi ya kwanza wiki ya pili hadi ya tatu, ya pili wiki ya tano au ya sita. Urea gramu 334 kwa kishamba wiki ya nne, sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, na ifukiwe. Ukiiacha juu ya udongo sehemu kubwa inageuka hewa. Ile harufu kali inayopanda puani ni pesa inaondoka.

Mbelewele, yale maua ya kileleni, zitatoka katikati ya Mei, mahindi ya kuchoma yatakuwa tayari mwanzoni mwa Juni, makavu katikati ya Julai. Tazama kalenda ya shule kabla ya kutangaza siku ya kuchoma, kwa sababu Juni shule hufungwa na vijana wako wanatawanyika. Kwa anayetaka kupeleka sampuli Nane Nane kule Morogoro, muda unatosha kabisa.

Siku ya kuvuna kila kishamba kipimwe peke yake. Kilo 12 za punje kavu kutoka A ni sawa na magunia 18 ya kilo 100 kwa ekari. D ina mimea mara nne, inaonekana kama msitu, lakini vuta maganda uone: vihindi vya ukubwa wa kidole, na mabua kadhaa hayakubeba kitu.

BintiZigi

Mpango ni mzuri, ila mwalimu usisubiri Julai ndipo vijana waone kitu. Utamu wa muhindi uko kwenye wiki mbili za Mei, na mashamba darasa mengi yanazipita kama hazipo.

Muhindi una maua mawili yanayokaa mbalimbali. Mbelewele kileleni ni ua dume. Hindi changa lililo ubavuni mwa shina ni ua jike. Zile ndevu zinazoning'inia kwenye ncha ya hindi, kila unywele mmoja umeanzia kwenye punje moja. Chavua ikidondoka juu ya unywele huota mrija mwembamba unaoteremka ndani yake mpaka chini, na ndani ya siku moja hivi punje imetungwa. Unywele uliokosa chavua, punje yake haipo. Ukishaelewa hilo, hindi lenye mapengo linasomeka kama barua.

Mfano wa kuwaonyesha ni mifuko ya kaki. Chagua mimea mitano kwenye kishamba A kabla ndevu hazijatoka, hindi likiwa bado ni kama kidole kilichochomoza kwenye jani. Livalishe mfuko wa kaki, funga kwa uzi chini, uache wiki tatu. Usitumie nailoni, jasho linaozesha. Mfuko ukifunguliwa unakuta gunzi jeupe lisilo na punje hata moja, na mmea wenyewe ni mnono kuliko wote. Kwenye mimea miwili kati ya hiyo mitano, ndevu zikishatoka, fungua asubuhi moja kati ya saa 3 na saa 5, umande ukiwa umekauka, kung'uta mbelewele ya mmea wa jirani juu ya ndevu, kisha funga tena. Hayo mawili yatabeba. Kijana aliyekung'uta kwa mkono wake hahitaji kuelezwa chavua ni nini.

Jambo la pili ni kutikisa. Wiki moja baada ya ndevu kutoka, kata hindi moja, pasua maganda kwa urefu kuanzia kitako kwa kisu chenye makali, yafungue taratibu bila kuvuta ndevu. Shika kitako, ncha ielekee chini, tikisa. Nywele za punje zilizotungwa zinadondoka zenyewe. Za punje ambazo hazijatungwa zinang'ang'ania. Zikidondoka robo tatu, ujue robo ya hindi hilo itakuwa mapengo, na umejua wiki saba kabla ya kuvuna.

La tatu linataka mahindi ya njano. Panda mashimo kumi hivi ya njano ukingo wa kusini wa eneo, kwa mafungu mawili yaliyopishana wiki moja ili fungu moja lisikose kuchanua pamoja na meupe. Mwezi Mei kusi imeshakamata, itachukua chavua ya njano na kuimwaga kwenye kishamba cha jirani. Ukivuna utakuta punje za njano zimetawanyika kwenye mahindi meupe, nyingi kwenye mistari ya karibu, zikipungua kadiri unavyokwenda kaskazini. Wahesabu mstari kwa mstari na wachore. Hapo wataona kwa nini mzalishaji wa mbegu analazimika kutenga shamba lake mbali na ya jirani. Haya yaliyochanganyika yaliwe, yasiwekwe mbegu. (Wazee watakaopita watawatajia "unga wa Yanga" wa miaka ya njaa. Acheni wataje, njano ile ni karotini, ambayo mwili hutengenezea vitamini A.)

Mwisho wa zoezi wape hindi kavu wahesabu mistari ya punje kuizunguka. Itakuwa 12, 14, 16, shufwa karibu kila mara, kwa sababu vichipukizi vya punje hutokea viwili viwili. Waambie mwenye kupata witiri atapewa hindi la ziada, halafu mwone watakavyohesabu kwa makini.

Na kusoma mapengo: ncha tupu huku kitako kimejaa ni njaa ya mbolea au ukame wakati wa kujaza punje. Mapengo yaliyotawanyika ni ndevu zilizokosa chavua, ama wadudu walizikata, ama ukame ulizichelewesha mpaka mbelewele zikamaliza kazi. Ndiyo maana mistari miwili mirefu ya mahindi kando ya ua hubeba vibaya kuliko idadi ileile iliyopandwa mraba.

Kichanga_Msata

Kwa heshima zote, Jembe, urea yote wiki ya nne kwenye kichanga cha pwani ni kuimwaga. Masika ya Aprili inaisukuma chini kuliko mizizi ndani ya siku chache, na majani ya chini yanaanza kuwa ya njano kuanzia ncha, yakifuata mshipa wa kati kwa umbo la V. Igawe: gramu 167 wiki ya tatu hadi ya nne, gramu 167 nyingine kabla mbelewele hazijatoka, kama wiki ya saba. Usiiweke siku wingu limejaa mvua kubwa.

Mwalimu, chunguza pia kama kuna kiduha. Ni kagugu kafupi kenye maua mekundu au ya zambarau chini ya muhindi, kanaonekana hakana hatia. Mizizi yake imeshika ya muhindi na kunyonya, na madhara makubwa yameshafanyika kabla hakajachomoza juu. Mmea unanyauka na maji yapo. Kang'olewe kabla ya kuchanua, maana ua likikauka linamwaga mbegu nyingi mno, ndogo kama vumbi, na hukaa udongoni miaka. Kukiwa na kiduha, msimu wa vuli weka kunde, usirudie mahindi. Kunde na mbaazi huchochea mbegu zake ziote, zikikosa muhindi wa kushika zinakufa.

Jembe_Muheza

Kichanga, nimekubali kwenye urea. Namba zangu ni za udongo mwekundu wa huku Muheza unaoshika. Mwalimu fuata hiyo ya mara mbili.

Fundi_Ngamiani

Mmemaliza shamba, mlaji mmemwacha mlangoni. Mimi nazungumzia upande wa mashine.

Mlaji usimwanzishie shambani. Mwanzishie kwenye ungo. Nunua kilo 1 ya mahindi sokoni kama yalivyo, yamwage kwenye ungo, watu watano wayachambue kwa mafungu: nzima safi, zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizobadilika rangi au kuota ukungu, na takataka. Pima kila fungu kwenye mizani ya jikoni. Chukua punje moja ya ukungu, ipasue katikati kwa kisu. Mara nyingi kiini, ile sehemu laini ya kitako, ndicho kimeingiwa na rangi ya kijani au kijivu huku ganda la juu likionekana zima. Watu hukaa kimya hapo, kwa sababu punje kama hizo ndizo zinazoingia kwenye dona bila mtu kuziona.

Ukungu huo, aina ya Aspergillus, hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi ya nyumbani. Kupika hakuiondoi, ugali unaochemka haufiki joto la kuiharibu. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote, na 5 kwa ile kali kuliko zote, B1. Kwa macho huwezi kupima kiasi hicho, ila kuchambua punje mbovu kunapunguza sana, maana sumu hujikusanya kwenye punje chache.

Sasa hapa nitawaudhi watu wa afya. Mnamwambia mlaji "kula dona, achana na sembe", mnaishia hapo. Dona ina kiini na ganda, kwa hiyo ina mafuta, nyuzi na vitamini B ambazo sembe imezipoteza, hilo ni kweli. Lakini sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye kiini na ganda. Mahindi mabaya yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu huenda na pumba. Yakisagwa dona, yote inabaki sahanini. Kwa hiyo somo ni hivi: dona ni nzuri kwa mahindi uliyoyaona na kuyachambua mwenyewe. Dona ya mfuko usiojua mahindi yake yalitoka wapi, bora sembe yenye nembo ya TBS na iliyoongezwa virutubishi. Na zile pumba chafu zisiende kwa ng'ombe kimyakimya: akizila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na mji huu ni wa maziwa.

Kuna jambo la pwani ambalo vitabu vya bara havilisemi vya kutosha. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huku unaweza kuyakausha vizuri juu ya turubai, ukayaweka kwenye gunia la kawaida ghalani, na baada ya wiki chache yakawa yamenyonya unyevu wa hewa ya bahari na kupanda tena. Punje hupumua na hewa. Kwa hiyo kukausha bila kufunga ni nusu ya kazi. Yakishakauka, yaache yapoe, yaingie siku hiyohiyo kwenye mifuko isiyopitisha hewa: mifuko miwili ya nailoni ndani, wa sandarusi nje, kila mmoja ukakamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Dumuzi na bungua wa ghalani watamaliza hewa iliyomo na kufa bila dawa. Kinachoharibu ni kufungua kila siku kuchota kilo mbili, au kuuburuza sakafuni ukatoboka.

Kipimo cha nyumbani cha ukavu: chupa ya glasi yenye kizibo, safi na kavu. Chumvi ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Jaza robo ya chupa kwa chumvi, ongeza mahindi mpaka nusu, funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka. Isipogandama, yako chini ya asilimia 15, ambayo ni ruhusa ya kuyapukuchua bila kuyavunja. Ya kuhifadhi miezi sita yaanikwe tena siku moja au mbili za jua kali. Weka chupa mbili mezani, moja ya mahindi makavu na moja ya mahindi uliyoyanyunyizia maji jana yake. Zoezi lina gharama ya pakiti ya chumvi.

Kuhusu sembe, walaji waone hesabu. Kilo 100 za mahindi zikikobolewa na kusagwa hutoa kilo 70 hadi 80 za sembe, kutegemea weupe wanaoutaka. Weupe huo wanaulipia mara mbili, kwa uzito na kwa vitamini. Unga ukitoka mashineni una moto. Ukifungwa ukiwa moto, mvuke hugeuka maji ndani ya mfuko, madonge na ukungu vinafuata. Utandaze upoe kwanza. Dona isinunuliwe zaidi ya kinacholiwa ndani ya mwezi, mafuta ya kiini huchacha na ugali unakuwa mchungu.

Na wanunue kwa kilo. Debe, sado na lumbesa vyote hupima nafasi, havipimi uzito. Mizani ya chemchem ya kilo 50 iwepo siku hiyo, kila mtu apime debe lake aone.

Mwl_Pongwe

Nimenakili yote. Limebaki moja: viwavijeshi. Vijana wa miaka 13 siwezi kuwashikisha bomba la dawa, na kishamba kikiliwa sina darasa.

Kichanga_Msata

Usiwashikishe kabisa. Kwenye mimea 480... sahihisho, ukihesabu na D ni zaidi, lakini bado ni shamba la kukaguliwa kwa mkono. Wapite mara mbili kwa wiki kuanzia miche inapochomoza, asubuhi mapema.

Wanatafuta mambo matatu kwa mfuatano. Kwanza mayai: kitumba cha mayai mia moja hadi mia mbili juu au chini ya jani, kimefunikwa na manyoya ya kijivu kama ukungu. Kisuguliwe kwa kidole, umemaliza familia nzima kwa sekunde moja. Pili, madirisha: viwavi wadogo hukwangua upande mmoja wa jani, unabaki utando unaopitisha mwanga. Tatu, matundu yenye kingo chakavu na kinyesi kama unga wa msumeno kwenye moyo wa mmea. Hapo kiwavi ni mkubwa, yuko ndani, amejifunika na kinyesi chake, na dawa yoyote inamfikia kwa taabu.

Wamtambue kwa lenzi ya mkono: usoni ana Y nyeupe iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Hiyo inamtofautisha na bungua wa mabua, ambaye yuko hapa pwani miaka mingi kabla yake na hutoboa shina lenyewe. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata wakawa Tanzania.

Kwa wakubwa waliokwisha kuingia: mchanga mkavu au jivu, bano moja la vidole vitatu ndani ya moyo wa mmea. Mchanga humsugua akijikunja, jivu hukausha. Ukitaka cha kunyunyizia kisicho sumu ya dukani, mwarobaini umejaa mitaani: gramu 50 za viini vya mbegu kavu vilivyotwangwa kwa kila lita 1 ya maji, vilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, mimina kwenye moyo wa mmea jioni. Jua huuvunja nguvu, kwa hiyo asubuhi ni kazi bure, na mvua ikinyesha unarudia. Mtu mzima ndiye achanganye.

Kuua kwa mkono kunawezekana mpaka mmea mmoja kati ya mitano uwe na dalili mpya. Ukizidi hapo, mwite ofisa ugani achague dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na apulize mwenyewe, vijana wakiwa hawapo. Ndevu zikishatoka usipulize tena kwenye shamba ambalo watu watachoma mahindi wiki tatu baadaye, labda lebo ikuruhusu kwa idadi ya siku.

BintiZigi

Nyongeza ya siku ya kuchoma, kwa walaji. Wafundishe kucha. Vuta ganda kidogo, bonyeza punje ya katikati. Ikiruka maji meupe kama maziwa, bado, itasinyaa motoni. Ikitoka uji mzito, hilo ndilo. Ikikataa kucha, peleka kwenye kande. Lichomwe siku ileile lilipovunjwa, sukari yake hugeuka wanga hata likiwa kapuni.

Na la makavu: ng'oa punje, kwangua kitako chake. Ukiona kidoa cheusi, mmea umeshamaliza kulisha punje hiyo na muhindi umekomaa, hata kama maganda bado yana ukijani. Kabla ya hapo kuvuna ni kupoteza uzito. Baada ya hapo kuyaacha shambani mvua zikiendelea ni kuukaribisha ule ukungu wa Fundi.

Mwl_Pongwe

Fundi, chumvi ya kipimo, ya unga au hii ya mawe ya pwani?

Fundi_Ngamiani

Ya unga. Ya mawe chembe zake ni kubwa, hazigandami hata mahindi yakiwa mabichi, utaambiwa yamekauka. Ukiwa nayo hiyo tu, itwange na uichekeche kwanza, ndipo uianike.